Msalaba na Utepe Katika Shamba la Jirani

Nimelelewa na watu wawili wanaopenda haki, na ninasema bila kuficha kwamba wamenichosha. Baba yangu anaipenda haki bila Mungu. Shangazi yangu, dada yake mkubwa, anaipenda pamoja na Mungu. Mimi nimewekwa katikati, kazi yangu ni kupika chai yao na kuosha vikombe vyao wakiwa bado hawajamaliza kubishana. Ukimtaja Mungu mbele ya baba, anatazama dari. Ukitaja wanyonyaji na wanyonywaji mbele ya shangazi, anafanya ishara ya msalaba, kisha anakubaliana na kila neno ulilosema, ila anataka liwe limetoka kwa nabii.

Ugomvi wao ulianza kabla sijazaliwa. Mwenzake baba wa zamu moja aliungua kiwandani hapa Shituru, katika mji wetu wa Likasi, akafa. Wakubwa wa kazi walileta jeneza zuri, wakagharimia misa yenye kwaya, na padri wa wakati ule akahubiri juu ya uvumilivu wa Ayubu. Baba alisimama katikati ya mahubiri, akatoka kwa mlango mkubwa, na hajarudi tena isipokuwa kwa mazishi, na hata hapo anabaki nje pamoja na wavuta sigara. Shangazi alikuwa amekaa benchi lile lile. Yeye alitoka na uamuzi mwingine, kwamba kanisa likiachiwa mapadri peke yao litahubiri uvumilivu mpaka mwisho wa dunia, kwa hiyo sisi walei lazima tukae ndani tupige kelele. Basi mmoja akawa mwakilishi wa wafanyakazi, delege kama tunavyosema, mpaka siku ya kupumzishwa. Mwingine ni mwenyekiti wa kamati ya haki ya parokia yake huko Kikula, na hakuna atakayempumzisha.

Misa moja, watu wawili, na mimi ndiye ninayelipa.

Lazima niseme pia jinsi wanavyogombana, kwa sababu mtu asiyewajua angedhani wanasali. Shangazi ni yaya wa baba, yaani dada mkubwa, na kwetu mtu hampazii sauti yaya wake, hata awe na mvi kichwa kizima. Kwa hiyo baba akikasirika anashusha sauti. Kadiri anavyokasirika ndivyo anavyonong'ona, na shangazi naye, kwa kuwa sikio moja limeanza kumsaliti, anasogeza kiti karibu. Ukiwakuta wamegusana magoti wananong'onezana, ujue siku hiyo hali ni mbaya sana.

Nyuma ya nyumba yetu, hapa katika kambi ya zamani ya kampuni, anakaa jirani yetu mmoja, mjane. Anakuja kuchota maji kwenye bomba la uani kwetu, tunasalimiana, anaondoka. Si mtu wa maneno. Alikuwa na shamba lake chini ya barabara, kando ya kijito, na shamba hilo ndilo lililomlisha yeye na watoto wake. Lengalenga, matembele, vitunguu vya majani, na mahindi kidogo pembeni. Asubuhi alivuna, akafunga mafungu, akapanda taxi-bus na karai lake mpaka soko la Kikula. Hakuwa na njia nyingine. Mume aliacha jina lake na baiskeli isiyo na mnyororo, basi.

Mwisho wa kiangazi, wakati vumbi jekundu limeshapanda mpaka kwenye majani ya miembe, lori la tangi lililobeba asidi lilipinduka barabarani juu ya kile kijito. Dereva alitoka mzima, Mungu asifiwe, au bahati isifiwe, chagua mwenyewe, mimi nimeshachoka kuchagulia watu. Asidi iliteremka mtaroni, ikaingia mashambani. Mashamba ya wengine yaliguswa pembeni tu. La jirani yetu ndilo lililokuwa mdomoni mwa mtaro, unaolipita kando na kumwagika upande wake wa chini. Nilikwenda naye kesho yake. Upande wa chini majani yote yalikuwa yamekuwa ya kahawia na laini, na ardhi ilikuwa na ukoko mweupe. Upande wa juu ulikuwa umepona. Alisimama akaangalia, akaokota karai lake alilokuwa ameliacha pale, akasema mvua ikija atalima upande wa juu, ule wa chini atauacha upumzike. Alikuwa ameshapata jibu lake kabla hatujafika nyumbani.

Kama angeachwa na jibu hilo, nisingekuwa na la kusimulia.

Sasa, kando ya kijito kile hakuna hati wala mipaka ya serikali. Kuna desturi moja tu, na kila mwanamke anayelima pale anaijua kama anavyojua jina lake. Mvua za kwanza zikitulia, kila mtu anapiga jembe kwake. Shamba ambalo mwenyewe hajaligusa mpaka mahindi ya majirani yamefika magotini, linahesabiwa limeachwa. Yeyote asiye na shamba anaweza kuingia akalima, na halaumiwi. Haitwi mwizi, hapelekwi kwa mkubwa wa mtaa. Ni desturi nzuri ukifikiri vizuri, kwa maana inazuia watu kukalia ardhi wasiyoitumia wakati wengine wana njaa. Ila haina subira.

Baba alisikia habari ya asidi, akavaa koti lake la kiwandani, lile ambalo amelikataza lisifuliwe kwa sabuni kali, akaenda kuangalia. Jioni alimwita jirani kwenye barza, kibaraza chetu cha mbele, akamketisha kwenye kiti kizuri. Alimwambia kwamba kilichotokea si ajali, ni uzembe, na uzembe una mwenyewe, na mwenyewe atalipa. Kisha akasema lile neno, preuve, yaani ushahidi, ambalo mpaka leo nikilikumbuka meno yananiuma.

“Mama, usiguse kintu kule. Ile shamba sasa njo preuve yetu. Ukipiga jembe, batasema hakukuwa kintu.”

Jirani akasema ndiyo, papa, kama wanavyoitwa wazee kwetu.

Keshokutwa yake shangazi akafika kutoka Kikula, kitenge cha shirika lake kiunoni, mkoba kwapani, na ndani ya mkoba unga wa bukari, ugali wetu, mafuta na chumvi walivyochangishana akina mama wa jumuiya. Naye alimwita jirani. Naye alimketisha kwenye kiti kile kile. Alimwambia Mungu hasahau mjane, kwamba kamati itakwenda kwa wenye lori, kwamba padri mwenyewe atakuja kuona uharibifu na kuombea ardhi ile, na kwamba haifai kulima kabla ya padri kuja, kwa sababu akikuta pamelimwa atasikitikia nini? Jirani akasema ndiyo, mama, na asante kwa unga.

Watu wawili wasiokubaliana hata juu ya sukari ya chai walikuwa wamempa mjane amri moja. Hapo ndipo ningepaswa kuogopa. Lakini nilikuwa nimeshangaa tu kuona wamekubaliana.

Amani hiyo ilidumu mpaka chai ikapoa. Shangazi alisema ule unga ni mwanzo wa haki, kwa sababu asiyejua kugawana mkate wake hawezi kudai mkate wa mwingine. Baba akashusha sauti. Akasema ule unga ni ufagio wa wenye lori: wao wanamwaga, akina mama wa kanisa wanafagia, na kesho wanamwaga tena kwa kuwa wameona pamesafishwa. Shangazi akasogeza kiti. Akamwuliza, huyo mjane angekula nini wiki hii, angekula madai? Baba akanong'ona kwamba msaada unamfanya mtu aseme asante mahali ambapo alipaswa kusema nipeni. Shangazi akasema bila Mungu hakuna aliyewahi kumwambia tajiri kwamba maskini naye ni mtu. Baba akasema aliyeunguzwa na asidi hahitaji katekisimu ili ajue kwamba ameungua. Nikaosha vikombe. Kusema kweli wote wawili walikuwa na hoja, na hilo ndilo linalochosha zaidi. Mpumbavu mmoja kati yao angenipumzisha.

Baba hakuishia kwenye maneno. Kesho yake alichukua utepe mwekundu na mweupe wa plastiki, ule wanaozungushia mahali pa hatari kiwandani, ambao sijui aliuhifadhi kwa miaka mingapi chini ya kitanda, akaenda kulizungushia shamba lote kwa vijiti. Lote, mpaka upande uliopona. Nilipomwuliza kwa nini upande uliopona, akasema mipaka ya ushahidi haichorwi na mkulima. Jumapili iliyofuata shangazi alikuja na wenzake wawili wa kamati, wakasimamisha msalaba wa mbao katikati, wenye urefu wa mtu, wakaufungia tawi la mtende lililobarikiwa. Walisali vizuri, waliimba vizuri zaidi. Walipoondoka nikaliangalia shamba. Lilikuwa kama kaburi la mtu mkubwa ambaye polisi bado wanamchunguza.

Mvua ikaja.

Likasi mvua ya kwanza haibishi hodi. Inapiga mabati, inaosha moshi hewani, na asubuhi unasikia majembe kabla ya kusikia jogoo. Kando ya kijito wanawake wote walikuwa wameinama. Jirani yetu alikuja kuchota maji, akasimama na bidoni tupu mkononi akisikiliza sauti ile inayotoka bondeni. Nilimwambia, dada, nenda kalime. Ng'oa vile vijiti, lima upande wa juu, kama ulivyosema mwenyewe. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayemwonea huruma asiyeelewa.

Akanieleza. Papa anakwenda mjini kila siku kwa ajili yake, anakaa kwenye mabenchi ya ofisi kwenye joto, mzee kama yule. Mama anakuja kutoka Kikula na unga mkobani kwa ajili yake. Sasa yeye achukue jembe awavunjie kazi yao? Watasema nini? Watu watasema nini juu ya mwanamke anayesaidiwa na huku anawadharau wanaomsaidia? Alisema ataona aibu hata kuchota maji kwetu. Nilikuwa na hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Wafadhili wake walikuwa wamemfunga kwa kamba ya wema, na kamba hiyo haina fundo unaloweza kulifungua kwa kisu.

Nikawaendea wao. Baba nilimweleza desturi ya magoti ya mahindi. Yeye amezaliwa kambini, amekulia kambini, maisha yake yote ameshika mitambo, jembe hajalishika hata kwa kulisogeza. Alinisikiliza kwa upole, kisha akasema desturi haiwezi kuishinda sheria. Nikamwuliza sheria ipo wapi. Akasema inakuja. Shangazi yeye anaijua desturi, mama yao alilima. Lakini alisema wanaolima pale ni Wakristo, na Mkristo hamnyang'anyi mjane shamba lenye msalaba katikati. Sikio la kufa halisikii dawa. Hapa yalikuwa masikio manne, na moja tu ndilo lililokuwa bovu kweli.

Ungedhani basi wangeharakisha. Wenye lori walikuwa wamekubali kuja kuona, kwa sharti waandikiwe barua moja, si mbili, maana hawawezi kujibu kiwanda cha barua. Barua moja. Ilikuwa na maneno machache tu ya kusema: lori lenu, asidi yenu, shamba la huyu mama, njooni. Mwanafunzi wangu wa darasa la tano angeiandika kabla ya kengele ya mapumziko. Baba na shangazi waliiandika Jumapili baada ya Jumapili kwenye meza yangu ya kulia chakula.

Shangazi alitaka ianze kwa Mungu aliyeumba ardhi na kuwapa watu wote. Baba alisema hatatia sahihi yake chini ya Mungu, kwa sababu wenye lori nao wanakwenda misa na wataijibu kwa zaburi. Alitaka ianze kwa haki za watu wa kazi. Shangazi akasema mjane si mtu wa kazi, hana zamu wala mwajiri, kwa hiyo haki za baba hazina mahali pa kumweka, wakati Mungu amemweka mjane tangu Agano la Kale. Hapo baba alikasirika mpaka sauti ikapotea kabisa, midomo inacheza tu. Wakajaribu ardhi bila muumba. Shangazi akakataa. Wakajaribu Mungu mwishoni, katika salamu. Baba akasema hapo ndipo pabaya zaidi, maana neno la mwisho ndilo linalobaki. Kisha wakaja kwenye swali la nani atatangulia siku ya ziara: msafara uongozwe na padri na bendera ya parokia, au utembee tu kama watu. Niliwaambia watembee kama watu wenye akili. Walinitazama wote wawili kwa macho yale yale ya bibi yangu, nikarudi jikoni.

Na wakati wote huo, jirani alikuwa akiitwa. Kila Jumapili waliniagiza nimwite, kwa sababu hawawezi kuzungumzia jambo la mtu bila mwenyewe kuwapo, huo nao ni uonevu. Alikaa kwenye kiti kizuri, mikono mapajani. Hakuna aliyemwuliza kitu. Siku moja alijaribu. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mahindi ya wenzake yameshachipuka vizuri. Shangazi akamwambia ni ishara njema kwamba ardhi ya pale ina rutuba, na baba akaandika pembeni kwamba mashamba ya jirani yanastawi, ni ulinganisho mzuri wa kuonyesha hasara. Niliweka sinia chini kwa kishindo. Walidhani limeniponyoka.

Barua ikaisha, sijui kwa muujiza au kwa uchovu. Ilianza na tarehe. Wenye lori wakajibu, wakataja siku. Padri akakubali kuja bila bendera, baba akakubali kutembea nyuma ya padri ilimradi iwe hatua kadhaa nyuma, aonekane anakwenda tu upande ule ule. Kabla ya siku hiyo baba alitaka tushuke kukagua ushahidi. Tukashuka, baba, shangazi, jirani na mimi. Jirani alikuwa amebeba jembe begani. Baba alimwuliza la nini. Akasema ni kwa baada ya ziara, akiruhusiwa tu aanze siku hiyo hiyo, asipoteze hata asubuhi moja. Mahindi ya wenzake yalikuwa yamepita magoti.

Tulipofika, shamba lilikuwa limelimwa.

Lilikuwa limelimwa lote, juu mpaka chini, kwa matuta yaliyonyooka, na maharage yalikuwa yameshatoa majani. Utepe wa baba ulikuwa umekatwakatwa vipande, na kila kipande kimefunga mti wa kupandia maharage, mwekundu na mweupe, mstari kwa mstari. Msalaba ulikuwa pale pale. Mtu alikuwa ameupalilia vizuri kuuzunguka. Katikati ya matuta aliinama mwanamke tusiyemjua, mtoto mgongoni, na alipotuona alisimama akafuta mikono kwenye kitenge akaja kutusalimu kwa kupiga goti kidogo, kama wanavyosalimu watu wa upande wa kaskazini, kule ambako watu wamekuwa wakikimbia vijiji vyao.

Shangazi alimwuliza nani amempa shamba. Yule mama hakuogopa hata kidogo. Alidhani tumekuja kumpongeza.

“Niliona musalaba, mama. Nikasema hii ni shamba ya kanisa, ya bamaskini. Nikauliza balimaji, banasema haikulimwa, haina mwenyewe. Njo nikamushukuru Mungu, nikalima.”

Nilimwangalia shangazi. Mkono wake ulikuwa shingoni, kwenye rozari. Nilimwona akitafuta neno, na mtu aliyekaa na maneno ya manabii maisha yake yote hakosi neno, ila kila alilolipata lilikuwa upande wa yule mgeni. Mgeni, maskini, mwenye mtoto, aliyekimbia nyumba yake, aliyeona msalaba akauamini. Mwishowe alisema polepole, na kwa baba, si kwa mwingine, kwamba yeye hawezi kumfukuza mtu kwenye msalaba.

Nikamwangalia baba. Nilingoja aseme juu ya ushahidi. Alitazama vile vipande vya utepe wake, akatazama mikono ya yule mwanamke, iliyopasuka na kujaa udongo. Baba amenilea kwa sentensi chache, na moja nimeisikia tangu nikiwa tumboni, kwamba mtambo ni wa anayeuendesha na ardhi ni ya anayeilima. Aliwahi kuipaza mbele ya wakubwa, ikamgharimu. Akaitoa sasa kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayekiri deni.

“Mwenye kulima njo mwenye shamba, yaya. Siwezi kusema ingine.”

Wakatazamana. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliwaona baba na shangazi wamekubaliana kwa moyo wote, na shangazi hata alimshika mkono, machozi yako karibu. Ilikuwa picha nzuri. Nilitaka kuwatupa wote wawili kijitoni.

“Na miye, papa?” akauliza jirani.

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza basi lake linapita saa ngapi. Wakaanza kusema kwa pamoja, shangazi kwamba jumuiya haitamwacha, unga utaendelea kuja, baba kwamba madai hayajafa, bado wenye lori wana la kujibu, hata bila ushahidi kuna mashahidi. Walisema mengi. Jirani aliwasikiliza mpaka wakaishiwa, kwa sababu ana adabu. Kisha akawapita, akaingia katika matuta kwa uangalifu asikanyage maharage, akamfikia yule mama, akamshika mkono akaenda naye upande wa chini, karibu na mtaro. Maharage ya huko yalikuwa yamechipuka manjano. Alimwonyesha kwa jembe mahali asidi ilipofika.

“Huku usivune kitu. Hii udongo iliungua, aside ilimwangika. Ata ikitoa majani, mutoto asikule ya huku. Lima kule juu tu.”

Yule mama akamwangalia, akaangalia jembe begani mwake, na nadhani hapo ndipo alipoelewa. Akaweka mkono mdomoni. Akaanza kumfungua mtoto mgongoni kama mtu anayejiandaa kuondoka. Jirani akamzuia. Akamfungia tena mtoto kitenge, akakikaza vizuri, akapandisha mpaka kwetu.

Tulirudi. Mimi na jirani tulitangulia, wale wawili nyuma. Mpaka hapo nilikuwa ninawahurumia, nakiri, maana walitembea polepole na wote walionekana wazee. Lakini hatukuwa tumefika hata kwenye reli inayokata njia ya nyumbani nikasikia shangazi akisema, kwa furaha ya mtu aliyepata kitu kilichopotea, kwamba umeona sasa, ile ni neema, mtu hatoi vile kwa nguvu zake, ni Kristo mwenyewe katika yule mjane. Na baba, kwa sauti iliyoanza kushuka, kwamba neema wapi, yaya, ule ni mshikamano, maskini anamlinda maskini, hakuna aliyeshuka mbinguni kumfundisha. Shangazi akasema mshikamano hautoi shamba. Baba akasema neema ndiyo iliyolichukua. Nikasikia viatu vyao vimesimama kwenye kokoto. Sikugeuka, nilijua wamesogezeana masikio.

Nilimwuliza jirani sasa atalima wapi.

Alisema hajui. Alihamisha jembe kutoka bega moja kwenda jingine, na tukasimama kwanza treni ya mizigo ipite.